Wanawake Hawapendani? Muulizeni Aliyeyapanga Majina

Kuna hoja ambayo msimu wa uchaguzi ukifika Unguja haikosi pa kukaa. Inasemwa kwenye mabaraza ya Mpendae baada ya sala ya isha, inasemwa kwenye daladala, inasemwa redioni na watu waliosoma wakasomeka: wanawake ndio wengi, wangetaka kuongoza wangechaguana. Kama hawachaguani, basi ama hawapendani, ama siasa hawaitaki. Hoja yenyewe ni fupi, inabebeka kirahisi, na ina takwimu za kuegemea. Imedumu kwa sababu hiyo, na imefanya madhara kwa sababu hiyo hiyo, maana kila inaporudiwa wanaohusika hasa na jambo hili huondoka mkutanoni bila kuulizwa swali hata moja.

Takwimu zenyewe ni za kweli. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Wazanzibari 1,889,773, na kati yao wanawake walikuwa 974,281. Daftari la wapiga kura la Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar kwa uchaguzi wa 2025 lilikuwa na majina 717,557, ya wanawake yakiwa 378,334, yaani 53 katika kila mia. Halafu tazama upande wa pili. Katika uchaguzi wa 2020, kati ya majimbo 50 ya Baraza la Wawakilishi, wanawake walioshinda walikuwa 8. Tangu Mapinduzi ya 1964 Zanzibar imepata marais wanane, kuanzia Abeid Karume hadi Hussein Mwinyi, na wote ni wanaume. Mtu akiziweka tarakimu hizi pamoja, hukumu inakuja yenyewe mdomoni: wenye kura ni wao, basi wa kulaumiwa ni wao.

Hukumu hiyo inaanza kuhesabu kutoka mwisho wa safari.

Mwanamke wa Mpendae anayeamka alfajiri siku ya uchaguzi, akapanga foleni kwenye uwanja wa skuli, akaonyesha kitambulisho, akapewa karatasi na kuingia kwenye kituturi, anafika pale mambo mengi yakiwa yamekwisha. Karatasi aliyopewa ina majina yaliyokwishachapwa, na yeye hakuyachagua. Ndani ya CCM, chama tawala, yameanza na mtu kuchukua fomu. Yamepita kwenye kamati ya siasa, yakapelekwa kwa wajumbe wa kura za maoni, yakarudishwa kwenye vikao vya juu, ambavyo vina mamlaka ya kumwacha hata yule aliyeongoza kwa kura za wajumbe. Vyama vya upinzani navyo vina vichujio vyao, vyenye majina tofauti na kazi ile ile. Mpaka jina lifike kituoni, limeshachujwa mara tatu au nne na watu wachache sana. Mwanamke akikuta karatasi ina wanaume watupu, atamchagua mwanamke gani?

Majimbo mengi ya Zanzibar, zaidi ya hayo, mshindi wake hujulikana mapema. Kuna majimbo ya Unguja ambayo CCM ikimsimamisha mtu, ameshafika. Kwa miaka mingi kulikuwa na majimbo ya Pemba ambayo ilikuwa hivyo hivyo kwa CUF, chama cha upinzani. Katika jimbo la namna hiyo uchaguzi halisi ni ule wa ndani ya chama, na wapiga kura wake ni wajumbe, ambao katika jimbo zima ni wachache mno wakilinganishwa na daftari. Zile kura 378,334 haziingii katika chumba hicho. Anayezitaja kana kwamba ndizo zinazoamua nani awe mgombea anataja namba sahihi mahali pasipo pake.

Mpendae yenyewe ni mfano wa wazi wa namna kiti kinavyopata mtu. Salim Turky alikuwa mbunge wa jimbo hilo tangu 2010. Alifariki Septemba 2020, uchaguzi ukiwa umebakisha wiki chache tu. Chama chake kililazimika kutafuta jina jengine haraka, na jina lililopatikana likawa la mwanawe, Toufiq, aliyeshinda na kwenda Dodoma mwaka huo huo. Kijana hakufanya kosa lolote, na wapiga kura wa Mpendae walikuwa na haki ya kumpa kura zao. La kuzingatia ni mwendo wenyewe: chama kiliamua, jina likachapwa, jimbo likalipokea. Hakuna aliyesimama barazani kuuliza kama wanaume wa Mpendae wanapendana. Chama kikiwa na nia, wiki chache zinatosha kumfanya mtu asiyekuwa mgombea awe mbunge. Kikikosa nia, hata miaka mitano haitoshi.

Watetezi wa hoja ya "hawapendani" wana jambo moja wasilolieleza. Wanaume wa Zanzibar huangushana kila uchaguzi. Hushindana kwenye kura za maoni hadi ndugu wakanuniana, hupelekana mbele ya vikao, hukatana majina, na wengine wakihama chama kwa hasira. Hakuna anayesema wanaume hawapendani. Husemwa kuwa hiyo ndiyo siasa. Mwanamke mmoja akikataa kumpigia kura mwanamke mwenziwe, kwa sababu tu ni wa chama kingine, anageuzwa ushahidi dhidi ya jinsia nzima.

Na ukweli ni kwamba Mzanzibari, awe mke awe mume, anapiga kura ya chama. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha ASP kilipata viti 10, cha ZNP 9 na cha ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. Watu waliokuwa hai wakati ule waliweza kukueleza duka la nani lilisusiwa, harusi ya nani haikuendewa, kisima cha nani kilikatazwa, kwa sababu ya chama. Katika siasa ya namna hiyo mpiga kura hatazami kwanza kama mgombea amevaa kanzu au baibui. Anatazama bendera. Basi kutaka mwanamke peke yake aache chama chake akatafute jinsia yake, wakati mwanaume hakuombwa kufanya hivyo hata siku moja, ni kumpimia kwa pishi isiyokuwa ya sokoni.

Hii ndiyo sababu bendera ikiwekwa mkononi mwa mwanamke, matokeo hubadilika hapo hapo. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, CUF ilimsimamisha Fatma Maghimbi kugombea ubunge Chake Chake. Chake Chake ni Pemba, kisiwa ambacho wasemaji wa mila na dini hukitaja kila wanapotaka kuonyesha kuwa jamii haiko tayari. Jamii ilikuwa tayari. Ilimpa kura, wanaume na wanawake, akaingia Bungeni akawa miongoni mwa sauti kali za upinzani. Mwaka 2010 CCM ilimsimamisha Samia Suluhu Hassan Makunduchi, kusini mwa Unguja, kijiji cha sherehe ya Mwaka Kogwa na cha wazee wanaojua mila zao kuliko mtu yeyote wa mjini, akashinda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Mwaka 2015 Saada Mkuya alipewa Welezo, mkoa wa Mjini Magharibi, naye akashinda. Pemba, shamba la kusini, pembezoni mwa mji: sehemu tatu tofauti, vyama viwili tofauti, na wapiga kura wale wale wanaosemwa hawawataki wanawake.

Ikiwa wanawake hushinda wakisimamishwa na hawashindi wasiposimamishwa, tatizo limo katika kusimamisha.

Hapo huletwa hoja ya pili, kwamba wenyewe hawajitokezi kuchukua fomu kwa sababu siasa si kitu chao. Historia ya visiwa hivi haiiungi mkono hata kidogo. Waomani walipokuwa wanawazingira Wareno ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kati ya 1696 na 1698, aliyetawala Unguja alikuwa mwanamke, Malkia Fatuma. Alichagua upande wa Wareno, akawapelekea vyakula, na upande wake uliposhindwa alichukuliwa kupelekwa Muscat. Anaweza kulaumiwa kwa kuchagua vibaya, lakini alichagua kama mtawala, na watu wake walimtii. Mwaka 1859 Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yake Majid, aliyeandika barua za njama ile alikuwa dada yao Sayyida Salme, msichana wa miaka 15 hivi, kwa kuwa alijifunza kuandika wakati wasichana wa jumba la kifalme hawakutarajiwa kujua. Miaka mingi baadaye, mwaka 1886, kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani.

Karibu zaidi na zama hizi, uchaguzi wa kwanza kabisa wa Zanzibar, wa Julai 1957, uliwafungia wanawake nje. Hawakuruhusiwa kupiga kura. Waliruhusiwa kuanzia Januari 1961, na walipopewa nafasi hawakuidharau: chaguzi mbili za mwaka ule na ule wa 1963 zilikuwa na mahudhurio ya zaidi ya asilimia 90 ya walioandikishwa, kiwango ambacho nchi nyingi zenye demokrasia ya muda mrefu hazikifikii. Mahudhurio ya namna hiyo hayapatikani nusu ya watu wakiwa wamekaa jikoni. ZNP na ASP zote zilikuwa na matawi ya wanawake waliotembea mitaa ya Ng'ambo na vijiji vya shamba, nyumba kwa nyumba, kuhakikisha hakuna jirani aliyebaki ndani.

Kazi hiyo haijakoma. Nenda kwenye mkutano wowote wa kampeni Unguja utazame ni nani amejaa mbele, amevaa sare ya chama na khanga yenye picha ya mgombea, ameimba tangu saa nane mchana juani. Tazama ni nani aliyepika, aliyebeba maji, aliyezunguka na orodha ya majina ya wapiga kura wa mtaa wake akijua nani amehama, nani mgonjwa wa kubebwa, nani bado hajaamua. Ujuzi huo ndio siasa yenyewe. Mwanaume akiufanya kwa miaka miwili anaambiwa yuko tayari kugombea. Mwanamke akiufanya kwa miaka ishirini anaambiwa ni mhamasishaji mzuri.

Pahala pengine panapowaengua wanawake ni maskani, vijiwe vya siasa vya mitaani. Maskani ya Kisonge pale Michenzani inajulikana nchi nzima, na kila mtaa wa mjini una yake ndogo. Hapo ndipo jina la mgombea mtarajiwa hutajwa kwa mara ya kwanza, likapimwa, likatiwa nguvu au likauawa. Mazungumzo huanza magharibi na kuendelea hadi usiku wa manane. Kwa desturi ya Unguja mwanamke mwenye heshima zake hakai hapo saa hizo, na akikaa, hilo tu litatosha kuwa sababu ya kumkata. Akikaa nyumbani, wajumbe watasema hawamjui. Chama kinachosema kinataka wagombea wanawake huku kikiendelea kutengeneza majina mahali na saa ambazo hawawezi kufika, kimeshawachuja kabla ya fomu kutoka.

Kuna jambo jengine linalomkuta mwanamke aliyeolewa. Akitaka kugombea alikoolewa, huambiwa si wa hapa, kaletwa na mume. Akirudi alikozaliwa, huambiwa yeye ni wa kwa mumewe sasa. Mume wake anaweza kugombea pote pawili, na pote pawili atakaribishwa, kama mtoto wa nyumba au kama mkwe.

Na kisha kuna bei ya nyumbani, ambayo wapiga porojo za "hawapendani" hawaitaji kabisa. Baada ya uchaguzi wa 25 Oktoba 2015, karibu wanawake 50 Zanzibar waliripotiwa kuachwa na waume zao kwa sababu ya kura. Habari hizo zilifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, ilipoijadili Tanzania mwaka 2016. Uchaguzi wenyewe ulikwishafutwa na mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, siku tatu baada ya watu kupiga kura. Kura zilibatilika, talaka hazikubatilika.

Jambo hili linataka kutazamwa kwa utulivu. Mwanamke ametoka asubuhi na kitambulisho chake, amepiga kura ambayo kisheria ni siri yake na Mola wake, amerudi na wino kidoleni. Pengine amekataa kusema amempa nani. Pengine mume alimtaka asiende na akaenda. Jioni anafungasha nguo zake na za watoto, anarudi kwa wazee wake, na katika mtaa sababu ya kuachwa kwake itasemwa kwa miaka. Hapa anayezungumzwa ni mpiga kura tu. Je, yule anayetaka kuchukua fomu, kupanda jukwaani, kulala Pemba siku tatu kwenye kampeni? Hakuna mwanaume wa Zanzibar anayejulikana kuwa alipoteza ndoa yake kwa kumpigia kura mtu asiyetakiwa na mkewe. Kipimo cha nani anaipenda siasa kingefanywa kwa bei ambayo kila upande hulipa, wanawake wasingelikuwa nyuma.

Bei ya fedha nayo ipo, na inajulikana na kila mjumbe. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilibadilishwa ikaihalalisha takrima, ikiiita ukarimu wa kiafrika. Ilichukua hadi 2006 kwa Mahakama Kuu kuitangaza kuwa ni kinyume cha Katiba. Sheria iliondoka, tabia ilibaki: nauli ya wajumbe, chai ya wajumbe, bahasha. Sasa mchukue mwanamke wa Paje au Jambiani anayelima mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya wengi mno ni wanawake. Wanaingia majini maji yakitoka, wanafunga mbegu kwenye kamba wakiwa wameinama kwa saa kadhaa, wanabeba magunia yaliyoloa, wanaanika, na kilo ya mwani mkavu imewahi kuuzwa kwa shilingi mia chache tu. Mwanamke huyo anaweza kuwa anaijua bahari, soko na matatizo ya kijiji chake kuliko mgombea yeyote atakayetoka mjini na gari. Kwa kura za maoni zinavyoendeshwa, hawezi kuwalipia chai wajumbe wa wadi moja.

Basi wanaobanwa na haya yote hukimbilia jibu la tatu: wameshapewa viti maalum, wanataka nini tena?

Viti maalum vina heshima yake na aliyeandika makala haya hayumo katika wale wanaovidharau. Katiba ya Zanzibar ilivipandisha mwaka 2010 hadi asilimia 40 ya idadi ya majimbo. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalum, akapewa uwaziri, akajifunza kazi, na miaka kumi baadaye akaenda Makunduchi kugombea jimbo. Asingelikuwa na mlango huo wa kwanza, huenda asingelikuwa Makamu wa Rais mwaka 2015 wala Rais mwaka 2021.

Lakini kuna mtego. Mlango uliotengenezwa kuwa wa kuingilia umegeuzwa sebule ya kuwekea watu. Mwanamke akionyesha nia ya jimbo, wazee wa chama humjia kwa upole: mwanangu, jimbo muachie fulani, wewe tutakutafutia kiti maalum. Anayekubali anakuwa mwakilishi asiyekuwa na jimbo. Bungeni, mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo uliowekwa na sheria ya 2009 unakwenda kwa wabunge wa majimbo. Waziri Mkuu, kwa mujibu wa Katiba ya Muungano, lazima atokane na wabunge wa majimbo. Wa viti maalum hana kisima cha kuonyesha, hana barabara ya kuonyesha, halafu baada ya miaka mitano anaulizwa amefanya nini. Viti hivyo vikitumika kama sababu ya kuwanyima wanawake majimbo, vinakuwa vinafanya kinyume cha lililokusudiwa.

Kwa dini, maneno machache yanatosha, maana hoja hii hutumika zaidi kunyamazisha kuliko kujadili. Kuna hadithi inayonukuliwa sana juu ya watu waliompa mwanamke mamlaka, na wanazuoni wametofautiana juu ya upana wake. Qurani yenyewe, katika Suratun Naml, inamsimulia malkia wa Sabaa akiwashauri wakuu wake kabla ya kuamua, na mwisho wake ni kusilimu. Pakistan ilimpata Benazir Bhutto mwaka 1988, Indonesia ikampata Megawati mwaka 2001, Bangladesh iliongozwa na wanawake wawili kwa miaka mingi. Senegal, ambako Waislamu ni zaidi ya tisa katika kila kumi, ilipitisha mwaka 2010 sheria inayovitaka vyama kupanga orodha zao mwanamke na mwanaume kwa kupokezana, na katika uchaguzi wa 2012 wanawake wakapata viti 64 kati ya 150. Wasenegali hawakutoka katika Uislamu. Wapiga kura wao hawakubadilika tabia ndani ya miaka miwili. Kilichobadilika ni orodha.

Limezuka pia, baada ya Oktoba 2025, neno linalosemwa kwa sauti ya chini na mara nyengine ya juu: tumempa mwanamke, na haya ndiyo tuliyoyaona. Waliokufa katika siku zile za uchaguzi na maandamano Bara wanastahili ukweli na haki, na Rais Samia anastahili kuulizwa maswali magumu kama mkuu yeyote wa nchi. Ila maswali hayo ni ya utawala wake, hayahusu baibui wala ushungi. Januari 2001 watu waliuawa kwa makumi Pemba na Unguja kwa kuandamana, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua. Rais wa Muungano alikuwa mwanaume, wa Zanzibar mwanaume, waliotoa amri wanaume. Hakuna aliyehitimisha kwamba wanaume wasipewe tena nchi. Anayetaka kutumia 2025 kuwafungia wanawake majimbo ya 2030 aeleze kwanza kwa nini 2001 haikuwafungia wanaume.

Sasa, la kufanya lipo, na Zanzibar ina bahati ambayo Senegal haikuwa nayo. Kila jimbo la visiwa hivi hutoa watu wawili: mbunge wa kwenda Dodoma na mwakilishi wa kwenda Barazani, Chukwani. Mipaka ni ile ile, wapiga kura ni wale wale, bendera ni ile ile. Chama kinaweza kuandika katika kanuni zake za uteuzi sentensi moja tu, kwamba katika kila jimbo, kati ya nafasi hizo mbili, moja atasimamishwa mwanamke na moja mwanaume. Hakuna kiti kipya kitakachohitajika, wala posho mpya, wala katiba ya nchi kuguswa. Mwanaume wa Mpendae anayetaka ubunge atabaki na ubunge wake. Mwanamke wa Mpendae atakuwa na uwakilishi wa kuupigania, dhidi ya wanawake wenziwe ndani ya chama na dhidi ya yeyote nje yake, na hapo atakayeshindwa ashindwe kwa haki. Uchaguzi unaofuata wanaweza kupokezana.

Wapo watakaosema wanawake wenye uwezo hawatapatikana 50. Waangalie viti maalum vyenyewe: Barazani, hesabu ya asilimia 40 ni wanawake ishirini au karibu na hapo kila awamu, wengi wakiwa wamekaa kwenye kamati, wamesoma bajeti, wamesimama kuuliza mawaziri. Waangalie walimu wakuu wa skuli, mawakili wa ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, wanawake wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na wa jumuiya ya PEGAO ya Pemba, ambao kwa miaka wamekuwa wakiwafundisha wanawake wa Unguja na Pemba namna ya kuomba nafasi, na wale walioshika orodha za mitaa kwa uchaguzi baada ya uchaguzi. Majina yapo. Mengi yanajulikana na wenyeviti wa matawi kwa miaka, kwa sababu ndio wanaotumwa kila kazi ngumu inapotokea.

Uchaguzi ujao ni 2030, lakini mashina na matawi huchagua viongozi wao kabla ya hapo, na wajumbe watakaopiga kura za maoni hutokana na chaguzi hizo. Kanuni ya uteuzi ikisubiri hadi fomu zitoke, itakuwa imechelewa tena kwa miaka mitano. CCM na ACT-Wazalendo, kwa kuwa ndivyo vinavyogawana viti vya visiwa hivi, vinapaswa kuulizwa jambo hili sasa, kwa jina, na waandishi wa habari, na jumuiya zao za wanawake, na kila anayekaa barazani akiwa na wasiwasi wa kweli kwamba wanawake hawaongozi: mtasimamisha wangapi katika majimbo 50, na yapi?